Majina ya Kijerumani ya watoto: maana zinazoandikwa ni za kuaminika?

Mama_Mtarajiwa aliuliza:

Ndugu zangu, salaam. Mimi na mume wangu, ambaye ni Mjerumani, tunaishi kaskazini mwa Ujerumani, na tunatarajia mtoto wetu wa kwanza miezi michache ijayo. Hatukutaka kuambiwa kama ni wa kike au wa kiume, kwa hiyo tunatafuta majina ya pande zote mbili. Tumekubaliana kwamba mtoto atapewa jina moja la Kijerumani na jingine la Kiswahili.

Kwa upande wa Kijerumani, mume wangu ameleta Frieda, Hildegard na Gertrud kwa msichana, na Emil, Karl na Wolfram kwa mvulana. Mama mkwe, bila kuulizwa, ameongeza Adelheid, ambalo lilikuwa jina la mama yake mzazi. Sina kinyongo na jina lolote kati ya hayo, ila nimelelewa na watu ambao hawampi mtoto jina kabla ya kujua limebeba nini, na hapo ndipo ninapokwama, kwa sababu orodha za mtandaoni hazipatani. Gertrud peke yake nimelikuta likielezwa kuwa ni "nguvu ya mkuki", kwingine "mpenzi wa mkuki", na kwingine "shujaa wa kike". Hildegard nimeambiwa ni "bustani ya vita", maneno ambayo sioni mzazi gani angemtakia binti yake.

Naomba wanaojua wanisaidie. Je, maana hizi zina ukweli wowote? Je, msajili wa vizazi wa huku atakubali jina la Kiswahili bila matatizo? Na Wajerumani wenyewe wakisikia majina haya, wanasikia nini?

Mfasiri_Mkongwe alijibu:

Dada, hongera, na Mungu akujalie ujifungue salama.

Orodha hizo hazipatani kwa sababu zinalazimisha jina kuwa sentensi, na majina ya kale ya Kijerumani hayakuundwa kama sentensi. Yaliundwa kwa kuunganisha vipande viwili kutoka katika hazina ya vipande ambavyo kila mtu alivijua: vita, ushindi, amani, mkuki, chapeo, jeshi, utawala, sifa, uungwana, pamoja na wanyama kama mbwamwitu, dubu, tai, kunguru na nguruwe mwitu. Kila kipande kilikuwa na maana yake, lakini hakuna aliyedai kwamba viwili vikikutana lazima vitoe maana ya tatu. Ushahidi ulio wazi kabisa ni jina Hildegund. "Hild" ni vita na "gund" pia ni vita, kwa hiyo anayetaka sentensi itambidi aseme "vita vita".

Vipande vilichaguliwa zaidi ili kuonyesha ukoo. Katika shairi moja la Kijerumani cha kale, ambalo nakala yake iliandikwa katika karne ya 9, tunakutana na babu aitwaye Heribrand, baba aitwaye Hildebrand na mwana aitwaye Hadubrand. Wote watatu wanashiriki kipande "brand", yaani upanga, na wote wanaanza kwa herufi H ili majina yapatane masikioni. "Hild" na "hadu" yote mawili ni vita, maana yake baba na mwana wana jina moja kimaana na majina mawili kimatamshi. Aliyekuwa akisikia majina hayo alijua mara moja nani ni wa nani, na hiyo ndiyo kazi ambayo jina lilitakiwa kuifanya.

Nikirudi kwenye orodha yenu, Gertrud lina "ger", ambao ni mkuki, na "trud", ambayo ni nguvu. Baadaye, neno hilo la pili liliposahaulika, watu walianza kulisikia kama "traut", yaani mpendwa, na huyo "mpenzi wa mkuki" akazaliwa hapo. Hildegard lina vita na "gard", ambayo ni uzio au mahali palipozungushiwa, na kutoka hapo ikapatikana maana ya ulinzi. Neno la leo la Kijerumani kwa bustani, Garten, lina asili hiyohiyo, na aliyekuandikia "bustani ya vita" alitafsiri kwa kamusi ya leo neno la miaka elfu moja na zaidi iliyopita. Msimlaumu Hildegard wa Bingen, mtawa, mtunzi wa muziki na mwandishi wa masuala ya tiba aliyefariki mwaka 1179, ambaye mwaka 2012 Kanisa Katoliki lilimtangaza kuwa Mwalimu wa Kanisa. Jina hilo limeishi kwa sababu ya watu wa namna yake kuliko kwa sababu ya uzio.

Wolfram ni mbwamwitu na kunguru, wanyama wawili ambao watu wa zamani waliwaona wakifuata majeshi. Karl ni mwanamume huru, na limepata heshima kubwa kuliko asili yake kwa sababu ya mfalme Karl Mkuu (Charlemagne), aliyefariki Aachen mwaka 814. Wapolandi na Warusi walichukua jina la mtu huyo wakalifanya kuwa neno lao la "mfalme". Frieda limetokana na neno la amani, na hapa huhitaji kuhangaika na kipande cha pili kwa kuwa ni jina lililofupishwa kutoka kwa marefu kama Friederike na Elfriede. Emil si la Kijerumani kwa asili hata kidogo: limetokana na Aemilius, jina la ukoo wa Kirumi. Emma, ambalo wengi hudhani ni dada yake, ndilo la Kijerumani, kutoka katika kipande "ermen" chenye maana ya kitu kizima au kikubwa.

Jina la mama mkwe nimeliacha mwisho kwa makusudi, kwa kuwa ndilo ninalolipenda. Adelheid lina "adal", ukoo wa kiungwana, na "heid", yaani hali au namna. Ni kipande kilekile kinachoonekana leo mwishoni mwa maneno kama Freiheit, uhuru, na Schönheit, uzuri. Hili ni mojawapo ya machache ambayo vipande vyake vinaungana bila kugombana, na sioni ubaya wowote ukimwambia bibi yako kwamba mtoto anaitwa "Uungwana". Lilibebwa na malkia aliyekuwa mke wa Kaisari Otto wa Kwanza katika karne ya 10. Wanaoliona ni zito huchukua vifupisho vyake: Heidi, ambalo dunia nzima inalijua, au Elke, ambalo ni la upande wenu wa kaskazini.

Baba_wa_Wawili alijibu:

Mimi nitajibu kuhusu usajili, kwa kuwa watoto wetu wote wawili walizaliwa Ujerumani na wote wana majina ya Kiswahili.

Kuzaliwa kwa mtoto kunatakiwa kuripotiwa katika ofisi ya msajili, Standesamt, ndani ya wiki moja, na mkijifungulia hospitali, hospitali yenyewe ndiyo inayotuma taarifa. Kama hamjaafikiana kuhusu jina, msiogope, kwa sababu sheria inawapa mwezi mmoja tangu kuzaliwa kulipeleka. Hakuna orodha ya serikali ya majina yanayoruhusiwa. Msajili anaongozwa na kanuni moja kubwa, ambayo ni ustawi wa mtoto: jina lisimfanye kuwa kichekesho, lisimdhuru, na liweze kutambulika kuwa ni jina la mtu. Mwaka 2017 wazazi wa mji wa Kassel walitaka kumwita mtoto wao Lucifer. Msajili alikataa, shauri likafika mahakamani, na mwishowe wazazi wakakubali Lucian.

Zamani kulikuwa na sharti jingine lililowatesa sana wageni, kwamba jina lionyeshe kama mtoto ni wa kike au wa kiume, na kama halionyeshi liongezewe la pili linaloonyesha. Sharti hilo liliondoka kwa uamuzi wa Mahakama ya Katiba ya Shirikisho wa Desemba 2008, katika shauri la wazazi waliompa binti yao jina la Kihindi linalotumika kwa jinsia zote. Kwetu sisi uamuzi huo una faida kubwa, maana majina kama Tumaini, Furaha au Baraka hayambagui mtoto wa kike na wa kiume. Kuhusu idadi, msizidishe. Mwaka 2004 mahakama hiyohiyo ilishughulikia shauri la mama aliyetaka mwanawe awe na majina 12, na ikaona si kosa kumwekea kikomo cha majina matano.

Kwa jina la Kiswahili tatizo linaloweza kutokea ni dogo lakini linachosha: afisa halijui jina, na anataka ushahidi kwamba lipo. Kwa mtoto wetu wa kwanza afisa alikuwa mpole ila hakulikuta jina katika vitabu vyake, akatuomba uthibitisho. Huku kuna taasisi mbili zinazojulikana kwa kazi hiyo: kitengo cha ushauri wa majina cha Chuo Kikuu cha Leipzig, na Jumuiya ya Lugha ya Kijerumani, GfdS, yenye makao yake Wiesbaden. Zote hutoa barua rasmi kwa malipo, na kwa mtoto wa pili tulikwenda na barua hiyo mkononi kabla ya kuulizwa. Jambo jingine la kuangalia ni tahajia. Kitakachoandikwa kwenye cheti cha kuzaliwa ndicho kitakachomfuata mtoto kwenye pasipoti, bima na shule, kwa hiyo someni ile fomu herufi kwa herufi kabla ya kutia saini, hasa kama umetoka tu kujifungua na macho yamejaa usingizi.

Sauti_na_Herufi alijibu:

Naongeza dogo kwa waliotangulia. Kabla ya kuchagua jina la Kiswahili, lisome kama Mjerumani atakavyolisoma. Z kwake ni "ts", W ni "v", J ni "y", na S iliyo mwanzoni mwa jina, mbele ya irabu, hasa huko kaskazini, ni "z". Kwa hiyo Zawadi atakuwa "Tsavadi", Juma atakuwa "Yuma", Jamila atakuwa "Yamila" na Salma atakuwa "Zalma". CH ni balaa zaidi, maana Chausiku hatatambulika kabisa. Neema, Amani, Tumaini, Imani na Malaika yanapita karibu bila kuumizwa.

Na ninyi mkisoma ya kwao, kumbukeni kwamba "ie" ni i ndefu na "ei" ni "ai": Frieda husomwa "Friida", na Heidi husomwa "Haidi". Ndugu zako nyumbani watamwita mtoto kwa miaka mingi kupitia simu, kwa hiyo wajaribishe kabla. Wolfram na Hildegard zina konsonanti zilizobanana ambazo bibi atazitia irabu apendavyo, na nadhani atakuwa na haki.

Sikio_la_Mtaa alijibu:

Mheshimiwa Mfasiri_Mkongwe ametufundisha vizuri, lakini naona swali la tatu la dada halijajibiwa, na kwa maoni yangu ndilo lenye uzito kuliko yote mawili ya kwanza. Mjerumani wa kawaida hajui kwamba "ger" ni mkuki wala hajali. Anaposikia jina, anasikia umri, eneo na tabaka.

Chukueni Adolf. Kwa vipande vyake ni uungwana na mbwamwitu, wala halina tofauti na majina mengine ya heshima ya zamani, na hakuna sheria inayolitaja kuwa marufuku. Hata hivyo baada ya mwaka 1945 lilikaribia kutoweka, na kila msomaji anajua kwa nini. Kwa upande mwingine, Kevin ni jina la Kiairishi lisilo na dhambi yoyote, ambalo mwaka 1991 lilishika nafasi ya kwanza kwa wavulana waliozaliwa Ujerumani. Miaka si mingi baadaye likawa jina la kudhihakiwa, la watoto wanaodhaniwa kutoka katika familia zisizo na elimu, na utafiti uliotolewa mwaka 2009 katika Chuo Kikuu cha Oldenburg ulionyesha kwamba walimu wengi waliohojiwa walilihusisha na utundu na matokeo mabaya, huku wakiwafikiria vizuri akina Charlotte, Marie, Alexander na Jakob kabla hata ya kuwaona. Ni dhuluma, lakini ipo. Vivyo hivyo mtu akiitwa Maik, Ronny au Mandy, wengi watakisia kwamba alizaliwa mashariki wakati nchi ilipokuwa bado imegawanyika. Akiitwa Wiebke, Frauke au Fiete watamweka kaskazini kwenye pwani; akiitwa Xaver, Korbinian au Vroni, watamweka Bavaria bila kumwuliza.

Kwa hiyo ukinipa orodha ya mume wako niisome kwa sikio la mtaani, inakuwa hivi. Gertrud na Hildegard ni majina ya mabibi. Darasani mtoto atakuwa peke yake na utani hautakosekana, ingawa mitindo hurudi na huenda akaja kuonekana aliyetangulia wenzake. Frieda, Emil na Karl yalikuwa hivyohivyo ya mababu, ila yalikwisha kurudi tangu miaka ya 2000, na leo ni majina ya watoto wanaosukumwa kwenye vigari vya bei mbaya katika mitaa ya wasomi. Adelheid bado halijarudi. Wolfram linaheshimika lakini ni zito, na mwanafunzi yeyote wa kemia atakumbuka herufi W kwenye jedwali la elementi, kwa kuwa Wolfram ndilo jina la Kijerumani la metali ya tungsteni.

Msidhani pia kwamba Wajerumani wenyewe wanashikilia majina ya Kijerumani. GfdS imekuwa ikitoa orodha ya majina yanayopendwa tangu mwaka 1977, na katika miaka ya karibuni kileleni wamekuwapo Noah, ambalo ni la Kiebrania, Sophia, ambalo ni la Kigiriki, na Emilia, lenye asili moja na Emil. Mtoto mwenye jina lenye vipande viwili vya kale ndiye mgeni darasani siku hizi.

Mfasiri_Mkongwe alijibu:

Nakubaliana na Sikio_la_Mtaa kwa sehemu kubwa, ila si kweli kwamba Wajerumani hawajawahi kujali maana. Katika karne ya 17 na ya 18, Waprotestanti wachaji walitunga majina ambayo maana yake haikufichwa kabisa: Fürchtegott, yaani "mche Mungu", Traugott, "mtumaini Mungu", Leberecht, "ishi kwa haki", na Gottlieb, linalobeba Mungu na upendo. Wazazi hao walikuwa wakifanya jambo lilelile linalofanywa na anayemwita mwanawe Tumaini au Neema, na bibi yake dada huyu angewaelewa bila mkalimani. Mtunzi wa muziki Mozart, tunayemjua kama Wolfgang Amadeus, alipobatizwa Salzburg mwaka 1756 aliandikwa Theophilus, ambalo ni Gottlieb kwa Kigiriki, na Amadeus ni hilohilo kwa Kilatini. Mtindo huo ulipokwisha, majina hayo nayo yalizeeka, na leo simshauri mtu kumwita mtoto Fürchtegott, hata awe mcha Mungu kiasi gani.

Mama_Mtarajiwa alijibu:

Nawashukuru nyote, na nimemsomea mume wangu majibu yenu kwa kumtafsiria. Amekubali kuachana na Gertrud, na mimi nimeacha kulihofia Hildegard ingawa sitalitumia. Akija binti, tunaelekea kwenye Frieda, na la Kiswahili liwe Neema. Akija mvulana, ni Karl au Emil pamoja na Amani. Nimecheka nilipogundua kwamba Frieda na Amani ni jina moja katika lugha mbili, kwa hiyo hata tukibadilisha mawazo tutakuwa palepale. Kuhusu Adelheid, mama mkwe bado hajaambiwa.

Nina swali moja la mwisho. Mimi ningependa mtoto aitwe Neema nyumbani na shuleni, lakini mume wangu anasema Frieda ndilo litangulie kwenye cheti. Je, litakalotangulia ndilo litakalomtawala?

Baba_wa_Wawili alijibu:

Hapana, dada. Jina ambalo mtu huitwa kila siku si lazima liwe la kwanza. Wajerumani wengi wanatumia la pili au hata la tatu, na sheria haiwazuii. Usumbufu upo kwa madaktari, benki na mashirika ya ndege, ambako mifumo yao hupenda kuchukua jina linalotangulia, na binti yenu atakuwa akiitwa "Frieda" kwenye vyumba vya kusubiri hata kama hakuna anayemwita hivyo nyumbani. Kama baadaye akiona ni kero, tangu Novemba 2018 sheria inamruhusu mwenye majina kadhaa kubadilisha mpangilio wake katika ofisi ya msajili, bila kuruhusiwa kuongeza jina, kuondoa wala kugeuza tahajia.

Adelheid nalo linaweza kuwekwa la tatu. Ni jambo la kawaida huku mtoto kubeba jina la bibi ambalo halitamkwi ila kwenye karatasi, na mtakuwa bado mko mbali na yale matano. Lakini angalieni kistari. Mkiandika Frieda Neema Adelheid, mtoto ana majina matatu na atachagua la kutumia. Mkiandika Frieda-Neema, msajili atalihesabu kuwa jina moja, kama ilivyo kwa akina Hans-Peter na Karl-Heinz, na kila hati rasmi itamdai aliandike zima.